Kokwa Isiyooshwa

1

Kipanga cha posta, kile kidege kisicho na rubani, kilipotua uani Jumamosi ile, kuku wa mke wangu walitawanyika wakakimbilia chini ya tangi la maji, nami nikatoka mbio nikiwa na taulo tu kiunoni. Usinicheke. Kifurushi kile nilikisubiri miezi tisa. Ndani yake mlikuwa na kokwa mpya, yaani ubongo wa kompyuta yangu ya michezo, kizazi cha saba, ndogo kuliko yai la kwale, na kwa kokwa hiyo timu yetu ya Kisarawe ilikuwa inakwenda kuwatandika Bagamoyo mbele ya kanda nzima. Nilikibusu kifurushi, kipanga kikashukuru kwa sauti yake ya puani, kikaruka. Nikageuka.

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, ananitazama.

Wenye wakwe mmeshanielewa. Niliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, nikawaamkia kuku, "Shikamoo mama," nikasikia "Marahaba baba" kwa mbali, kisha nikazunguka nyumba nikaingilia dirisha la stoo. Wallahi, dirishani! Mwinshehe Pazi, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, nahodha wa timu, nyumba nimeijenga mwenyewe.

Bi Holo binti Ngassa, mama mzazi wa mke wangu Nkwimba, aliletwa kwetu kutoka Maswa baada ya kupigwa na kiharusi. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukagoma. Na huyu ni fundi cherehani aliyeshona miaka hamsini; kule kwao huwezi kuhudhuria harusi usikute gauni lake. Sasa mkono ule aliulaza mapajani, akaufunika kanga, hataki mtu auone.

Kuishi na mkwe nyumba moja ni kazi. Kwao na kwetu, mama mkwe huketi naye, huli naye, humtazami usoni. Nilikuwa nakohoa kabla ya kukata kona ya ukumbi wangu mwenyewe. Na kichekesho ni kwamba Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mzaramo na Msukuma wakikutana kituoni, hata kama hawajuani majina, watachambana kwa raha mpaka abiria wengine waone wivu. Kwa kabila, Bi Holo ni mtani wangu, ningeweza kumwambia lolote. Kwa ndoa ni mkwe wangu, siwezi kumwambia kitu. Ukwe ndio mkubwa. Miaka minane nilikuwa nimemwambia shikamoo, pole na safari njema, basi.

Nikaingia chumba changu cha michezo, nikafungua kasha la kompyuta. Kokwa ya zamani ikawaka kijani, ikaona kifurushi mkononi mwangu.

"Naona umeoa mke wa pili," ikasema.

"Kiherehere, nyamaza."

"Sijakataa. Nauliza tu, anajua kupika?"

Nilimwita Kiherehere tangu wiki ya kwanza, na jina likamkaa. Nilimnunua akiwa kama wote wanavyokuja, mweupe, hajui neno. Kokwa haiandikwi, inakuzwa. Unavaa glavu, unacheza, yeye anasikiliza misuli ya mkono wako na maneno ya mdomo wako, nyuzi zinaota ndani yake moja moja, mpaka siku moja anajua kidole chako kinakwenda wapi kabla wewe hujakipeleka. Kusema alijifunzia humo humo, kwenye mechi za jioni, kati yangu na Luhende. Luhende ni beki wetu, Msukuma wa Malampaka, na sisi wawili hatujawahi kuongea dakika tano bila kutaniana. Kwa hiyo Kiherehere alikua akiamini kwamba binadamu wanasalimiana kwa kuchambana.

Nkwimba akaingia bila hodi, ana unga mikononi.

"Baba Kabula, hayo mazagazaga ya zamani yanakwenda wapi?"

Nilikuwa nimejipanga. Kwetu hakitupwi kitu. "Kioo nampa Kabula asomee. Feni mbili za ziada nazifunga bandani, kuku wako wapunguze kulalamikia joto. Kasha utapandia mchicha."

"Na kokwa?"

"Nitaiosha kumbukumbu, nimpe binamu yangu wa Maneromango."

"Mpe mama."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kituo cha mazoezi wamempa kokwa nyeupe," akasema. "Itachukua mwaka na nusu mpaka imzoee. Daktari kasema mkono usipoamka ndani ya miezi sita hauamki tena, na minne imeshakwenda. Jana nimemkuta anafunga kifungo cha gauni kwa meno." Sauti ikamkatika hapo, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu ya unga. "Huyu wako anaujua mkono wa mtu. Miaka sita anaishi humo. Mpe mama hivyo hivyo alivyo."

Aliposema "hivyo hivyo alivyo" nikamfunika Kiherehere kwa kiganja. Mtu asiyeruhusiwa kumsema mkwe wake mahali popote atamsemea wapi? Mimi nilimsemea kwa Kiherehere. Kila Bi Holo alipokuja kututembelea, akapitisha kidole juu ya kabati, akageuza kola za mashati yangu kutazama mshono, mimi nilikimbilia chumba kile nikamwaga yote. Hayo ningeyabeba. Lakini kulikuwa na siku ya simu. Tulikuwa katikati ya mechi, tunashinda, Nkwimba akapiga kutoka kazini analia, mama kaanguka, kapooza upande. Nikasema pole, nakuja. Nikazima simu. Kisha nikasema, kwa mdomo wangu huu: "Afadhali. Idi hii hatakuja kunikagua."

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa. Luhende hakusikia, na mke wangu hakusikia. Alisikia Kiherehere peke yake, na kokwa haisahau.

"Nitampa," nikamwambia Nkwimba. "Nipitie kwanza kwa fundi, aipanguse vumbi."

2

Fundi Sikujua ana duka mkabala na soko. Kibao chake kimeandikwa TUNAKUZA, TUNAOSHA, PIA TUNATENGENEZA PASI. Ni mama mnene, hacheki ovyo, miwani ameifunga kwa uzi wa kufumia. Nikamwekea Kiherehere mezani.

"Nioshee huyu."

"Anakwenda kwa nani?"

"Kwa mama mkwe."

"Anacheza michezo?"

"Ni kwa ajili ya mkono. Umepooza."

Akaweka bisibisi chini. "Mwinshehe, umelewa? Kwa mkono, halafu unataka nimwoshe?"

Nikajikakamua. Nikasema mambo ya heshima, kwamba huyu mdomo wake mchafu, kwamba mkwe ni mkwe, na kwamba yeye fundi Sikujua ni Mzaramo mwenzangu, ananielewa. "Osha maneno tu," nikasema. "Uache mikono."

"Hakuna kabati la maneno na kabati la mikono humu ndani. Nyuzi ni zile zile. Siku aliyojifunza kwamba ukikasirika kidole chako cha shahada kinatangulia, ndiyo siku hiyo hiyo aliyojifunza tusi ulilolitukana. Ukivuta uzi mmoja, zote zinakuja." Akanitupia glavu yangu ya zamani. "Vaa. Kunja ngumi. Sasa fikiria kuifungua, ila usiifungue."

Nikafikiria. Glavu ikanifungua vidole vyote vitano taratibu kabla sijaamua lolote.

"Usingizi wa jana haujakutosha," akasema Kiherehere. "Kidole gumba kinachelewa."

Fundi akamchomoa, akachomeka kokwa nyingine kutoka kwenye droo, iliyooshwa wiki ile. "Fikiria tena."

Nikafikiria mpaka jasho likanitoka. Glavu ilikaa tu, kitambaa na waya. Nikakaza macho, nikasukuma kwa mawazo, wapi! Nikakumbuka kile kifungo cha gauni, nikaona aibu mbele ya yule mama.

"Hivyo ndivyo mkwe wako atakavyokaa," akasema fundi. "Mwaka na nusu. Anao?"

"Ana miezi miwili."

Akamrudisha Kiherehere, akanisogezea kitufe cha kuoshea, chekundu, kimechakaa. "Kubonyeza unabonyeza mwenyewe. Mimi niliacha zamani kuwabonyezea watu."

Nikaweka kidole juu yake. Nakiri. Nilikiweka, na nilikuwa nimeshaanza kutunga ya kumwambia Nkwimba, kwamba fundi kaharibu, kwamba umeme ulikatika.

"Mwinshehe," akasema Kiherehere, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mkono wa huyo mama unauma?"

"Hauumi. Hausikii kitu."

"Basi niache niende mimi. Huyo mweupe hajawahi kuona mkono, atauogopa." Kisha akaongeza, "Ila ukibonyeza, bonyeza. Mimi sitajua kitu. Utajua wewe."

Nikaondoa kidole. Sikuondoa kwa ushujaa, niliondoa kwa sababu fundi alikuwa anakitazama. Nikamtia Kiherehere mfukoni, nikatoka, na kuanzia sokoni mpaka kwangu nilitembea nikiongea na mfuko wa shati.

"Usimwambie, nakuomba."

"Kipi? Cha kabati, cha kola, au cha siku ya simu?"

"Vyote! Cha simu hasa."

"Sitasema. Lakini akiniuliza kama ulisema kitu, siwezi kumwambia hukusema. Uongo hukunifundisha."

Kwa mara ya kwanza nilijuta kuwa mtu mkweli.

3

Sheria inaruhusu kokwa isiyooshwa kuhamia kwa ndugu wa nyumba moja, mradi anayepokea aelezwe na aweke dole gumba. Nkwimba akasoma karatasi kwa sauti, mimi nikiwa ukumbini nyuma ya pazia.

"Kokwa hii haijaoshwa. Inakuja na kumbukumbu, tabia na maneno ya mwenyewe wa mwanzo. Umeelewa, mayu?" Mayu kwao ni mama.

"Waambie na mimi nina miaka sabini na moja, sijaoshwa," akasema Bi Holo, akabandika dole la kushoto.

Kazi ya kuunganisha ikaanza. Hebu nikuulize, umewahi kufunga kompyuta kupitia pazia? Chumbani kwa mkwe siingii. Kwa hiyo mimi nilikaa kwenye kigoda ukumbini, nikipitisha vifaa kwa chini kimoja kimoja, na Nkwimba, ambaye ni mwalimu wa jiografia, akavifunga kwa maelekezo yangu.

"Pawa imekaa?"

"Ipi ndiyo pawa?"

"Nzito yenye feni! Waya mwekundu kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Mama Kabula, mimi sipo humo!"

Nikasikia kitu kinadondoka, nikasikia Bi Holo anasema kwa upole kwamba cherehani ya umeme nayo ina waya wa hivyo, na kwamba pengine uingie ule wa bluu kwanza. Ulikuwa ndio ule wa bluu. Saa moja na nusu baadaye glavu ilikuwa mkononi mwake, feni zinavuma. Nkwimba akawasha.

"Hodi," akasema Kiherehere, kwa adabu ambayo sikuijua anayo. Nikashusha pumzi.

"Karibu," akasema mama mkwe.

"Mwenzangu nani?"

"Holo binti Ngassa. Wa Maswa."

"Maswa?" Nikasikia feni zinaongeza mwendo. "Maswa ya Usukumani?"

Nikashika pazia. Papo hapo nikaona kosa langu lote kwa pamoja. Miaka sita nilimfundisha utani. Ukwe sikumfundisha hata siku moja, kwa sababu nani anacheza michezo na mkwe?

"Aaaa! Mtani wangu!" akapaza sauti Kiherehere. "Ndiyo maana glavu imebana! Nimezoea mkono wa mtu, mie. Huu ni mwiko wa kusongea ugali wa kijiji kizima! Mlikuja na treni au mlipanda ng'ombe?"

Kisha pazia likafunguka, Nkwimba akatoka na macho yale ambayo mwanamume akiyaona anaanza kukumbuka dhambi zake.

"Baba Kabula."

"Nimesahau kumwambia."

"Umesahau?"

Ndani, Kiherehere alikuwa anauliza bila hila, "Nimekosea nini jamani? Mtani si mtani?" Nkwimba akarudi, akachomoa waya. Bi Holo aliomba asaidiwe kulala, na saa yenyewe ilikuwa tisa alasiri. Mimi chakula cha jioni sikukigusa. Nilijiona mwanamume wa kwanza katika ukoo wa Pazi kumtukana mama mkwe kwa kutumia umeme.

Asubuhi nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu niondoke mapema kabla ya kuonwa, nikasikia sauti ya Bi Holo kutoka chumbani.

"Nkwimba! Washa huyo Mzaramo wa bati."

"Mayu, tutamrudisha kwa fundi, usijali..."

"Nimesema washa. Jana mlimzima kabla sijamjibu."

Nikaganda na kiatu kimoja. Feni zikavuma.

"Wewe," akaanza Bi Holo, na ilionekana maneno aliyapanga vizuri, "wewe ukoo wa kucheza ngoma mpaka mahindi yanaliwa na nguruwe, mwiko umeuonea wapi? Kwenu chakula si mnakutana nacho kwenye sherehe za watu?"

"Loh!" akasema Kiherehere kwa furaha. "Mama kaamka! Na ninyi je, ng'ombe mia na hamna hata mmoja anayejua nyama inapikwa kwenye tui?"

"Tui! Mkikosa nazi si mnalia kama mmefiwa!"

"Subiri, mama. Subiri. Rudia hilo."

"Nirudie nini?"

"Lolote. Kidole cha kati kimecheka. Nimekisikia."

Nkwimba alipiga ukelele. Mimi, Mungu anisamehe, nilichungulia penye tundu la pazia. Kidole cha kati cha Bi Holo, ndani ya glavu yangu yenye nembo ya Kisarawe, kilikuwa kinapanda na kushuka kidogo tu. Bi Holo alikitazama, machozi yakamtiririka mashavuni, na bado hakuacha kutukana.

4

Wiki tano zilizofuata nyumba ilikuwa na kelele za minadani. Watu wote wa hospitali na wa ukoo walikuwa wakimwendea Bi Holo kwa minong'ono, mama pumzika, mama taratibu, mama tukulishe. Kiherehere peke yake ndiye aliyemwambia kwamba ni mvivu. Na Bi Holo akiambiwa ni mvivu, damu inachemka, na damu ikichemka misuli inatoa ishara, na ishara ikitoka Kiherehere anaidaka na kuisaidia kwa glavu, kidogo leo, pungufu kesho, ili mkono wenyewe uongeze. Fundi Sikujua alikuja kutazama, akaniambia hajawahi kuona nyuzi zinaota haraka hivyo, na akacheka. Nilikuwa sijui kwamba ana mwanya.

Kwangu mambo yalikuwa hovyo. Kokwa mpya ilikuwa na nguvu ajabu na haikunijua hata kidogo. Iliniita Mheshimiwa Mchezaji. Bagamoyo walitufunga ngome sita kwa moja, na ile moja walituachia kwa huruma. Luhende akaniuliza kama ninachezea miguu. Nikamwambia Kiherehere yupo kwa mkwe, Msukuma mwenzake, anafundishwa adabu, akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema hata wakitufunga kumi na mbili, nisithubutu kumwomba arudi. Kwa hilo nampenda Luhende.

Tatizo likabaki moja. Mkono wa Bi Holo ulijifunza kushika, na haukutaka kujifunza kuachia. Fundi na daktari walisema jambo lile lile: kukunja vidole ni rahisi, mwili unakunja wenyewe, kuvikunjua ndiko kunakohitaji amri kutoka kichwani, na amri ile ilikuwa haijafika. Walimpa mpira wa mazoezi, akaukataa, akasema unanuka duka la dawa. Akataka limau. Alikuwa analishika limau vizuri kabisa, halafu tunakaa tunamsubiri aliachie, mpaka Nkwimba anamkunjua kidole kimoja kimoja. Miezi sita ilikuwa inaisha baada ya siku kumi na moja.

Alhamisi hiyo, baada ya chakula cha mchana, walikuwa barazani na mashine yao. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nafunga feni ya pili bandani, nasikia yote.

"Achia, mama," alikuwa anasema Kiherehere. "Limau la watu hilo, si ng'ombe wa mahari."

"Nimechoka."

"Wasukuma mnachoka?"

"Nimechoka kweli." Kisha akasema, si kwa utani, "Wewe umeishi na mkwe wangu miaka sita. Unajua yote aliyosema. Siku nilipoanguka alisemaje?"

Bisibisi ikanidondoka kichwani mwa jogoo.

"Turudi kwenye limau," akasema Kiherehere.

"Nimekuuliza."

"Sitasema, mama."

"Basi lipo." Alisema polepole sana. "Nilijua. Nimekuwa mzigo nyumba ya watu, na mimi nakaa hapa nacheka na mashine yake. Nkwimba, mzime. Jumamosi nirudisheni kwangu Maswa."

"Mayu, zimebaki siku kumi na moja!"

"Mzime."

Nikasikia feni zinakufa. Na mimi pale bandani nilielewa kwamba mkono ule utalala milele kwa sababu ya maneno yangu matano ya kipuuzi, na kwamba hakuna wa kuyafuta. Sikukohoa. Sikuzunguka nyuma. Nilikata kona na manyoya ya kuku kichwani, nikapiga magoti kwenye sakafu ya baraza mbele ya mkwe wangu. Nkwimba akaziba mdomo.

"Nilisema afadhali," nikamwambia. "Nilisema Idi hii hutakuja kunikagua. Nilikuwa nashinda mechi. Hakuna mtu aliyenilazimisha na sina la kujitetea. Nilitaka kumwosha Kiherehere ili usijue, nikaenda nikaweka kidole kwenye kitufe. Nisamehe, mama. Wewe si mzigo. Naogopa tu ukiangalia kola zangu."

Nilikuwa nalia, nakwambia ukweli. Nkwimba alinitazama kana kwamba hanijui, na nilistahili. Bi Holo aliyatazama manyoya kichwani mwangu, limau limefungwa mkononi, glavu haina umeme, kitambaa tu.

"Siku ulipokuja kuposa," akasema mwishowe, "uliingia na kaptula iliyoshonwa mshono wa nje ndani."

"Ndiyo mama."

"Nikamwambia baba yake Nkwimba, huyu akimaliza mwaka mwanangu hajamkimbia, niiteni bata."

Nkwimba akageuka. "Mayu!"

"Nilisema. Naye amesema. Basi."

Ningenyamaza hapo. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza, angeshukuru, angeinuka. Lakini nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya mtu ambaye kwa miaka minane nilitamani kuongea naye, na yeye, naapa, kona ya mdomo wake ilikuwa inacheza. Nikahesabu vidole vyangu. Mwaka mmoja, miwili, mitatu, nikafika minane. Nikainua uso.

"Shikamoo, bata," nikasema.

"Mshenzi wewe!" akafoka Bi Holo, na limau likanipiga katikati ya paji la uso.

Lilinipiga sawasawa, kwa kishindo, likadunda, likavingirika mpaka uani. Hakuna aliyecheka. Sote watatu tuliutazama mkono wake, uliokuwa bado hewani, vidole vyote vitano vimekunjuka.

Kisha Nkwimba akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ua, akamrukia mama yake shingoni, akaniangukia mimi kwa makonde na mabusu, akakimbilia waya kumwasha Kiherehere, ambaye neno lake la kwanza lilikuwa, "Kuna nini? Nimekosa nini? Jamani, nyie watu mnanizima wakati gani!"

Mimi nilishatambaa uani. Limau nililikuta chini ya tangi, kuku wamelizunguka. Nikalifuta kwa shati, nikarudi kwa magoti na uvimbe unaota kwenye paji la uso, nikaliweka kwenye kiganja cha mama mkwe.

"Tena, mama," nikamwambia. "Hapo umepunja. Nilenge pua."